Viatu Nilivyompa Babu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike juu ya safari zetu za Jumapili kwenda kwenye makazi ya wazee, akaongeza kwamba ingefaa niwaeleze wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza faida ya kujitolea. Nilikubali upesi, kisha nikakaa wiki mbili bila kuandika hata neno moja. Habari yenyewe si ya kujisifu. Nikiieleza kama ilivyokuwa, sina budi kueleza pia jinsi nilivyosababisha mzee mmoja akatwe kidole cha mguu. Basi na nieleze.

Wazazi wasioijua shule yetu wafahamu kwamba nyuma ya uwanja wa mpira pana kijito, na ng'ambo ya kijito hicho, mwendo wa nusu saa kwa miguu, pana makazi ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Nyumba zake ni ndogo ndogo za matofali, nazo zimepangwa chini ya miembe mikubwa kama ile iliyojaa kila mahali hapa mkoani Tabora. Wengi wa wazee hao waliugua ukoma walipokuwa vijana. Dawa zilipopatikana wenzao wengine walirudi makwao, lakini hawa walibaki, maana hawakuwa tena na kwao. Kuna aliyekuta shamba lake limegawanywa kana kwamba amekwisha kufa.

Nilijiunga na kikundi cha kujitolea mwaka 2021, nikiwa Kidato cha Tatu, nami nitasema kweli kwa nini. Uchaguzi wa viranja ulikuwa karibu, na ilisemekana kwamba walimu hutazama pia ni nani anayejitolea. Tena, tangu nilipokuwa darasa la tano nilikuwa nimewatangazia watu wote ya kuwa nitakuwa daktari. Nyumbani Kisarawe mama zangu wadogo huniita Dokta mpaka leo. Nikaona yafaa daktari aonekane karibu na wagonjwa. Juu ya wazee wenyewe sikuwa na fikira yo yote, ila nalikuwa nawaogopa.

Jumapili ya kwanza nilisimama nyuma ya wenzangu, mikono nimeifunga mgongoni. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe akaniona. Vidole vyake vilikuwa vimefupika hata vikawa kama mafundo, na jicho moja halikufumba vizuri.

Akaniita, "Wewe uliyeficha mikono, umeiba nini?"

Wote wakacheka. Nikaona haya, nikatoa mkono wangu nikampa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Mimi Mzaramo, babu. Natoka Kisarawe."

"Ala! Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana umeficha mikono. Mzaramo akionyeshwa jembe huficha mikono."

Yeye ni Mnyamwezi, na wasomaji wanajua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, mababu zao walipokuwa wakibeba mizigo mpaka pwani. Tangu siku ile alikuwa babu yangu, nami mjukuu wake, na kila nilipofika alinitukana kwanza ndipo aniulize habari za masomo. Ujanani alikuwa mrina asali, akitundika mizinga msituni. Aliniambia kwamba ugonjwa wake aliujua siku aliposhika chungu cha moto akasikia harufu ya ngozi yake inaungua kabla hajasikia cho chote mkononi.

Walakini siku ile ya kwanza, wakati wa kurudi, nilijichelewesha kijitoni nikanawa mikono kwa mchanga mara tatu. Nilidhani hapana aliyeniona. Mwalimu wetu wa Biolojia aliniona, asiseme neno, ila juma lile lile akafundisha habari za ukoma, ingawa haikuwa zamu ya somo hilo. Akatueleza kwamba vimelea vyake viligunduliwa na daktari wa Norway aitwaye Hansen mwaka 1873. Kwamba miili ya watu wengi ina nguvu ya kuvishinda, na kuambukizwa kwenyewe kwahitaji kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Kwamba tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza wagonjwa wapewe dawa kadhaa kwa pamoja, ambazo siku hizi ni za miezi 6 au 12, nao hupona. Na kwamba mtu akianza tu kuzimeza, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Dawa hizo hutolewa bure. Ulemavu unaobaki ni kovu la ugonjwa uliokwisha kuondoka. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimejisugua kwa mchanga kwa sababu ya vimelea vilivyokwisha kufa mwilini mwa babu miaka mingi kabla sijazaliwa.

Somo hilo nililiandika vizuri katika daftari, nikapata alama 18 kati ya 20. Lakini kulikuwa na sentensi moja niliyoiandika bila kuielewa, nayo ni hii: ukoma huharibu mishipa ya fahamu, na mtu hupoteza hisia ya maumivu mikononi na miguuni. Niliiona kama jambo la heri. Nani asiyependa kutoumia?

Mwezi wa Agosti mwaka ule nikapata wazo. Niliona wazee wamevaa makubazi mazito ya ajabu, yenye soli nene ya tairi na mikanda mipana inayozunguka mpaka nyuma ya kisigino. Niliyaona ni aibu. Nikapita mabwenini nikiomba viatu ambavyo mtu havihitaji, na kwa juma moja nikapata jozi 31. Mimi mwenyewe nilitoa viatu vyangu vyeusi vya ngozi, ambavyo baba alininunulia nilipoingia Kidato cha Pili, navyo vilikuwa vimeanza kunibana. Nilivipiga rangi mpaka vikang'aa. Hivyo niliviweka kwa ajili ya babu.

Siku ya kuvitoa nilisoma hotuba. Picha ilipigwa, mimi nimeinama nikimfunga babu kamba za viatu, na picha hiyo ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi. Mwuguzi wa makazi hakuwapo siku ile, alikuwa amekwenda msibani. Babu aliitazama miguu yake muda mrefu.

Akasema, "Sasa mimi ni karani. Mzaramo huyu leo amefanya kazi."

Jumapili iliyofuata nilimkuta chini ya mwembe, amevaa vile viatu, vinang'aa. Alinitukana kama kawaida. Lakini nzi walikuwa wengi miguuni pake, na nilipochuchumaa nikasikia harufu. Nikamwita mwuguzi. Alipovua kiatu cha kulia, soksi ilikuwa imeganda kwenye unyayo, ikabidi ailoweshe kwanza. Chini ya kidole kidogo palikuwa na kidonda upana wa kizibo cha soda, chenyewe kina shimo katikati. Mwuguzi akaingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa polepole, kisha akasimama. Akanishika mkono, akanielekeza kidole mpaka mahali pale. Palikuwa na ncha ya msumari.

Wasomaji, msumari ule nilikuwa naujua. Fundi wa sokoni aliugonga soli ilipoachia mbele. Ulikuwa ukinichoma kidogo, nami nilikuwa nikikunja karatasi ya daftari na kuiweka juu yake. Nilipovisafisha viatu kwa ajili ya babu niliitoa ile karatasi, kwa kuwa ilikuwa chafu.

Mtu mwenye hisia angechechemea hatua tatu, akavua. Babu alitembea juu ya msumari ule siku saba.

Kidonda kilifika kwenye mfupa. Alipelekwa hospitali, na mwezi wa Oktoba kidole kile kikakatwa. Alilala kitandani wiki saba, hakwenda mwembeni, hakucheza bao, na bustani yake ya mchicha ikakauka maana mimi niliyepaswa kuimwagilia sikwenda.

Naam, sikwenda. Jumapili tatu nilisema nina kazi ya shule. Katika siku hizo nilichaguliwa kiranja wa usafi, na kila nilipopita kwenye ubao niliiona picha yangu nimeinama miguuni pa babu. Usiku nilikuwa nikijiuliza ni nini hasa kinaniuma. Jibu halikunifurahisha hata kidogo: kilichoniuma zaidi kilikuwa kwamba watu wangejua. Mguu wa babu ulikuwa wa pili. Siku niliyolitambua jambo hilo nilikwenda asubuhi nikaing'oa picha, nikaichana. Mwalimu wa zamu aliniuliza kwa nini naharibu mali ya shule, nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi, na sikumweleza sababu.

Jumapili ya nne nikaenda. Babu alikuwa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya gunia lililojazwa majani makavu. Nilipiga magoti, nikasema yote, pamoja na habari za karatasi. Alinyamaza.

Kisha akasema, "Mimi damu niliiona siku ya Alhamisi. Ilitoka kwenye soksi."

"Mbona hukuvivua, babu?"

"Jumapili ulikuwa unakuja. Ungenikuta na makubazi yangu ungesema babu hana adabu, nimempa zawadi ameitupa."

Mpaka leo sijui nifanye nini na maneno hayo.

Mwuguzi hakunigombeza. Alinipa karai la maji, akasema, "Anza na mguu wa kushoto." Ndiyo kazi niliyoifanya kila Jumapili mpaka nilipomaliza Kidato cha Nne, nami nitaieleza kidogo kwa sababu ina elimu ndani yake. Ngozi isiyo na hisia aghalabu haitoi jasho pia, kwa hiyo hukauka, ikapasuka, na kila ufa ni mlango wa kidonda. Mguu huloweshwa majini kama dakika 20, sehemu ngumu husuguliwa kwa jiwe taratibu, kisha hupakwa mafuta ungali na unyevu ili maji yasitoke. Baada ya hapo hutazamwa pote, hata katikati ya vidole, kwa kuwa macho ndiyo yanayofanya kazi ya maumivu. Mwisho hupitisha kiganja chako juu ya unyayo. Pakiwa na joto kuliko sehemu nyingine, pale pana madhara ndani ijapokuwa ngozi ni nzima, na mzee huyo lazima apumzike. Mara ya kwanza nilipoigundua sehemu ya joto, kwa bibi mmoja, mwuguzi alipapasa akatikisa kichwa kukubali. Nilifurahi siku nzima, na hapakuwa na mtu aliyepiga picha.

Mwalimu wa Biolojia ndiye aliyenipa habari za daktari wa upasuaji aitwaye Paul Brand. Mwingereza huyo alizaliwa Bara Hindi mwaka 1914, na tangu mwaka 1946 alifanya kazi Vellore, huko huko Bara Hindi. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza yenyewe na vidole huanguka. Brand alionyesha kwamba vidole hupotea kwa sababu ya majeraha ambayo mwenyewe hayasikii: moto, kazi nzito, kiatu kibaya. Wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakakuta kipande cha kidole hakipo. Walipokesha kuchunguza, wakaona ni panya waliokuwa wakija kuwatafuna usingizini. Basi ikawa kila mgonjwa apewe paka. Nilimsimulia babu habari hiyo, akacheka hadi akakohoa, kisha akasema yeye hahitaji paka, anahitaji mjukuu anayejua kutazama misumari. Alisema hivyo kwa utani. Mimi nilikwenda nalo.

Nilipomaliza mtihani wa Kidato cha Nne, Novemba 2022, sikurudi Kisarawe. Nilimwomba baba nikae kwa mjomba anayefanya kazi reli, nikapata ruhusa ya kumsaidia fundi wa viatu wa hospitali ambaye huwatengenezea wazee yale makubazi niliyoyadharau. Hapo nikajifunza kwamba kila kitu nilichokiona cha aibu kilikuwa na sababu yake. Makubazi yale hayana msumari hata mmoja. Hushonwa na kugundishwa. Juu ya soli ya tairi, ambayo mwiba haupiti, huwekwa sponji laini lakini imara, isiyobonyea kabisa uzito unapoikalia. Mkanda wa nyuma upo kwa sababu mguu usio na hisia hauwezi kushika ndara kwa vidole. Ndara ikidondoka njiani mwenyewe huendelea kutembea bila kujua. Mikanda hulegezwa na kukazwa, kwa kuwa mguu wa jioni si sawa na mguu wa asubuhi.

Fundi yule hakusoma sana, lakini alinifundisha Fizikia kuliko nilivyojifunza darasani. Tangu Kidato cha Kwanza nilijua kwa kichwa ya kuwa kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo. Basi mguu wa babu, uliopungua kidole, hukanyaga kwa eneo dogo zaidi, na uzito wote huenda mahali pamoja. Kazi yetu ilikuwa kuchonga sponji lifuate umbo la unyayo, ili kila sehemu ibebe mzigo wake. Tulimkanyagisha kwenye karatasi tukachora, tukachonga, akavaa nusu saa, tukavua, tukapapasa joto. Tulirudia mara tano. Mara ya tano unyayo ulikuwa na joto moja pote. Fundi akanitazama, asiseme kitu, akachukua mguu wa mzee mwingine.

Nadhani hapo ndipo niliposhika jambo juu yangu mwenyewe. Mimi ni mtu anayependa kushukuriwa. Sijui kama nitaacha. Baba yangu anasema nilizaliwa hivyo. Lakini nikiwa na kitu mkononi kinachopimwa, chenye kufaa au kutofaa, nasahau kutazama kama natazamwa. Daktari niliyekuwa nikimwaza tangu darasa la tano alikuwa koti jeupe tu na watu wanaosimama anapopita. Nilipojaribu kumwaza akiwa na kazi mikononi sikuona kitu.

Mwaka 2023 nilipangiwa tena shule hii hii kwa Kidato cha Tano, nikasoma P.C.B., na nikamwandikia baba kwamba nikifaulu nitaomba kwenda Moshi. Pale K.C.M.C. kuna chuo kiitwacho TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa miguu na mikono bandia, vyuma vya kutegemeza viungo na viatu vya namna hiyo. Wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapo.

Baba ni fundi cherehani. Jibu lake lilikuja kwa simu, nalo lilikuwa fupi: "Mimi nimeshona miaka 26 ili wewe usishone." Kisha akakata.

Sikumlaumu, wala simlaumu sasa. Wazazi wanaosoma gazeti hili watamwelewa kuliko mimi. Ada yangu, godoro langu, hata vile viatu vyeusi, vyote vilitoka chini ya sindano ile. Mama alisema nimwache kwanza, hasira zake ni za mvua za vuli. Hazikuwa za vuli. Zilichukua mwaka na zaidi, na kila niliporudi likizo tulizungumza habari za mpira na mvua tu.

Alikuja kwenye mahafali yetu mwaka 2025. Safari ya treni ilimchosha, na hotuba zilikuwa ndefu, lakini jioni nilimwomba tuvuke kijito. Njiani hakusema mengi. Babu alikuwa mwembeni, amezeeka zaidi, na mwuguzi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba wanakuja Wazaramo wawili.

"Karibu, mtani," akamwambia baba. "Umekuja kuchukua mtoto wako? Chukua. Amekula mchicha wangu wote."

Baba akasalimu, "Shikamoo, mzee wangu." Akatoa mkono wake bila kusita, jambo ambalo mimi mwanawe sikulifanya. Wakaanza kutaniana, mara juu ya nazi, mara juu ya asali, mpaka nikaona nimesahauliwa.

Nilikuwa nimechukua jozi mpya niliyoishona wakati wa likizo kwa kibali cha fundi. Kabla sijamvisha babu, baba akaniomba kiatu kimoja. Akakigeuza, akavuta mkanda, akatazama mshono wa pembeni kama atazamavyo koti la mtu mwingine. Nikamweleza kuwa hakina msumari, na kwamba kabla ya kuvalishwa lazima mkono uingie ndani. Akaingiza mkono wake, akafumba macho, akapapasa polepole kutoka kisigino kwenda mbele. Mahali fulani karibu na kidole kidogo vidole vyake vikasimama.

"Hapa umeacha fundo la uzi," akasema. "Nipe wembe."